Uchambuzi wa kisa: dakika 84 za kusubiri mashine ijitambulishe

Kisa hiki ni cha kweli na kilifanyika hadharani, kwenye kerneli ya Linux, yaani sehemu ya ndani ya mfumo endeshi inayoongoza mashine. Majina ya watu na ya kampuni iliyohusika nimeyaacha, maana somo liko kwenye maamuzi waliyofanya. Pale nilipopiga hesabu mwenyewe nimesema ni yangu, ili msomaji mwenye kalamu aweze kunikagua.

Usuli

Mwaka 2009, kampuni moja ya Marekani ilikuwa inaandaa kompyuta kubwa za kazi za kisayansi. Tusichanganye mambo: hazikuwa kompyuta ndogondogo nyingi zilizofungwa pamoja kwa nyaya za mtandao, kila moja na mfumo endeshi wake. Ilikuwa mashine moja, kumbukumbu moja na kerneli moja inayosimamia prosesa zote. Linux ya x86 (aina ya prosesa za Intel na AMD) wakati huo iliweza kuhesabu hadi prosesa 4,096, na wahandisi wa kampuni hii ndio waliokuwa wakiisukuma ifike kwenye ukuta huo.

Mashine za namna hiyo hazina skrini. Zinakaa kwenye kabati ndani ya chumba chenye baridi na kelele za feni, na msimamizi anazitazama kupitia poti ya siriali. Hiyo ndiyo njia ya zamani ambayo herufi hutoka moja baada ya nyingine kwenye waya. Watu huiona poti hii kama masalia ya enzi za kale, lakini mashine ikikwama kabla ya kadi ya mtandao kuamka, hakuna jicho jingine. Kila kitu kingine kinahitaji kerneli iwe imeshafika mbali, na poti ya siriali inatosheka na baiti moja.

Tatizo ni kasi yake. Waya uliowekwa kwenye 56K hupitisha biti 56,000 kwa sekunde. Kila herufi hubeba biti 10, yaani nane zake na mbili za kuifungua na kuifunga, kwa hiyo zinapita herufi 5,600 kwa sekunde. Kwa macho ya mtu hiyo ni kasi kubwa. Kwa prosesa ni sawa na kusubiri basi la mwisho usiku.

Na kerneli ya wakati ule ilikuwa inasubiri kwelikweli. Funksheni ya kuchapisha ujumbe, `printk`, ilikuwa na desturi ya kuuandika kwenye bafa, yaani akiba ya jumbe kwenye kumbukumbu, kisha kuupeleka palepale kwenye konsoli, mahali msimamizi anaposomea jumbe, ambapo hapa ni poti ya siriali. Prosesa iliyoandika ujumbe ndiyo iliyosimama kwenye poti ikiuliza: herufi imetoka? Haijatoka. Imetoka? Ujumbe wa kuwaka kwa mashine, basi, ulikuwa sehemu ya muda wa kuwaka.

Mashine inavyoita rejista

Prosesa zote haziamki pamoja. Moja huamka kwanza, ikaandaa kumbukumbu na saa, halafu ikawaamsha wenzake mmoja mmoja: anaamshwa, anasubiriwa aitike, anafuata mwingine. Kila aliyeamka alikuwa na hotuba yake. Kwenye kerneli za kipindi hicho, prosesa moja ya Intel ilitoa kitu kama hiki (nambari hutofautiana tu kati ya mashine na mashine):

```
Booting processor 1 APIC 0x1 ip 0x6000
Initializing CPU#1
Calibrating delay using timer specific routine.. 5333.45 BogoMIPS
CPU: L1 I cache: 32K, L1 D cache: 32K
CPU: L2 cache: 256K
CPU: L3 cache: 8192K
CPU 1/0x1 -> Node 0
CPU: Physical Processor ID: 0
CPU: Processor Core ID: 1
CPU1: Thermal monitoring enabled (TM1)
CPU1: Intel(R) Xeon(R) CPU ...
checking TSC synchronization [CPU#0 -> CPU#1]: passed.
```

Mistari kumi na miwili. Fikiria mwalimu anaita rejista asubuhi, na kila mtoto badala ya kusema "nipo" anasimama, anataja jina la baba yake, kijiji, urefu, uzito na namba ya viatu. Darasa la watoto wanne hutaona shida, na mwalimu mgeni atafurahi. Shule nzima ikifanya hivyo, kengele ya chakula italia kabla ya somo la kwanza. Na kumbuka kwamba watoto hawa wote wametoka kiwanda kimoja: kache ileile (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa), modeli ileile, kipimajoto kilekile. Mtoto wa pili hakuongeza neno ambalo wa kwanza hakulisema, isipokuwa namba yake.

Hotuba hii haikuandikwa na mjinga. Iliandikwa wakati kompyuta yenye prosesa mbili ilikuwa ya kutambiwa, na nne ilikuwa ya benki. Kila mstari ulikuwa na kazi yake siku ulipoongezwa: kuna aliyekuwa anasaka hitilafu ya kache, kuna aliyekuwa na saa zisizolingana. Hakuna aliyerudi kuuondoa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kilizidishwa mara 4,096.

Kilichotokea

Oktoba 2009 mhandisi mmoja wa kampuni hiyo alituma mfululizo wa viraka, yaani mabadiliko ya msimbo, kwa watunzaji wa kerneli. Maelezo yake yalikuwa na makadirio mafupi yaliyobeba kesi nzima: kwenye mfumo wa prosesa 4,096, konsoli ikiwa 56K, jumbe za kuwaka zingechukua kama dakika 84 kumalizika kwenye poti ya siriali.

Saa moja na dakika 24. Msimamizi anabonyeza kitufe, anakwenda kula, anarudi, mashine bado inajitambulisha.

Nilipoisoma mara ya kwanza niliishuku hiyo nambari, nikaigeuza nyuma. Dakika 84 ni sekunde 5,040. Mara herufi 5,600 unapata kama herufi milioni 28. Gawanya kwa 4,096: herufi karibu 6,900 kwa kila prosesa. Lakini ile mistari kumi na miwili hapo juu ina kama herufi 450. Ongeza mhuri wa muda wa herufi 15 mbele ya kila mstari unafika kama 630. Mara 4,096, hizo ni dakika tano na nusu mpaka karibu nane. Zinaudhi, lakini si 84.

Kwa maoni yangu, pengo linajazwa na jumbe za aina ya pili, ambazo hatari yake haionekani kwenye mashine ndogo: zile ambazo mstari wenyewe unarefuka kadiri prosesa zinavyoongezeka. Mpangaji kazi wa kerneli, yule anayeamua programu gani ikimbie kwenye prosesa ipi, alikuwa na tabia ya kuchapisha kwa kila prosesa ramani ya majirani zake. Jirani wa karibu ni nani, kundi la nodi (fungu la prosesa na kumbukumbu yake ya karibu) ni lipi, mpaka ngazi ya juu kabisa inayoorodhesha makundi yote ya mashine. Chukua mfano wa nodi 512 zenye prosesa nane kila moja. Orodha ya makundi inakwenda `0-7 8-15 16-23` mpaka `4088-4095`, herufi karibu 5,000. Na orodha hiyo inachapishwa mara 4,096, karibu ileile kila mara. Hapo pekee una herufi milioni 20.

Tofauti ya aina hizi mbili ni kubwa. Mashine ikiongezwa prosesa mara mbili, jumbe za aina ya kwanza zinaongezeka mara mbili. Za aina ya pili zinaongezeka mara nne, kwa kuwa waongeaji wameongezeka na hotuba nayo imerefuka. Jumbe za mpangaji zilikuwa za ngazi ya uchunguzi, kwa hiyo kwa mipangilio ya kawaida hazikufika kwenye waya. Lakini ziliingia kwenye bafa, na msimamizi aliyefungua ngazi zote ili asake hitilafu alizipata zote, siku ambayo ana haraka kuliko siku nyingine.

Bafa nayo ilikuwa na kisa chake. Ni ya duara: ikijaa, ujumbe mpya unakalia kiti cha ule wa zamani kuliko wote. Ukubwa wake wa kawaida ulikuwa 2 kwa nguvu ya 17, yaani KB 128. Kwa hotuba za herufi 630 zinatosha prosesa 208 tu, hata kabla ya jumbe za diski na kadi za mtandao. Zinazofutika kwanza ni za mwanzo kabisa: ramani ya kumbukumbu kutoka kwa programu ya ubao mama, majedwali ya ACPI (yanayoeleza vifaa vya mashine), na namna nodi zilivyogawanywa. Kwenye mashine kubwa, hayo ndiyo unayoyahitaji kitu kinapokwenda kombo. Kwa hiyo kelele ilichelewesha mashine, na ikafuta ushahidi pia.

Uamuzi uliofanywa, na kwa nini

Njia rahisi ilikuwepo tayari: andika `quiet` kwenye mstari wa kuwashia mashine. Kerneli hupanga jumbe kwa ngazi kuanzia 0, ambayo ni dharura, mpaka 7, ambayo ni uchunguzi, na `quiet` hushusha kizingiti cha konsoli hadi 4. Maana yake yanayofika kwenye konsoli ni makosa na yaliyo mabaya zaidi tu. Hata maonyo ya ngazi ya 4 hayapiti. Kwa kompyuta ya mezani inayotaka kuonyesha nembo nzuri ya kuwaka, sawa. Kwa mashine hii ni kumziba mdomo mtu anayepiga kelele za "moto!" kwa sababu jirani yake anaimba. Halafu bafa inajaa vilevile, kwa kuwa kizingiti kinahusu konsoli tu.

Njia nyingine ilikuwa kuongeza kasi ya waya kufika 115,200, na kuikuza bafa kwa kigezo cha `log_buf_len`. Zote zinasaidia. Lakini kasi mara mbili inashindwa na mashine inayofuata, ambayo nayo itakuwa mara mbili.

Wakachagua njia ngumu: kupita ujumbe kwa ujumbe na kuuliza kama unamwambia msomaji kitu ambacho hajaambiwa. Msingi waliouandika ulikuwa kupunguza jumbe zinazojirudia bila kubeba habari ya ziada. Utetezi wao ulikuwa kwamba sehemu kubwa ya habari hiyo inapatikana kwenye `/proc` na `/sys`, saraka ambazo kerneli huonyesha hali yake, mashine ikishawaka, na kwamba baadhi ya jumbe zingebaki kwenye bafa katika ngazi ya uchunguzi.

Kilichonivutia ni kwamba hawakukata kwa panga moja. Kila ujumbe ulipata hukumu yake.

Namba ya kifaa na namba ya kiini cha prosesa, pamoja na taarifa ya kipimajoto, zikawa za kuchapishwa mara moja tu, kwa prosesa ya kwanza. Mstari wa kuonyesha prosesa iko nodi ipi ukaondolewa kabisa. `Initializing CPU#` ukashushwa ngazi ya uchunguzi. Ujumbe wa prosesa kuzimwa ukabaki, lakini kwa mashine ambayo tayari imeshawaka, maana wakati huo prosesa moja kuzimika ni tukio.

Mistari ya ukubwa wa kache iliondolewa Novemba mwaka huohuo na watunzaji wengine, kwanza kwa Intel kisha kwa wengine. Hoja yao ilikuwa fupi: haina faida kubwa, inachafua, na mtumiaji anaweza kuipata kirahisi kwingine.

Ukaguzi wa saa za prosesa ulipata hukumu ninayoipenda kuliko zote. Zikilingana, ujumbe unakwenda ngazi ya uchunguzi. Zisipolingana, unapiga kelele kama zamani. Mtu hahitaji kuambiwa mara 4,095 kwamba saa ziko sawa. Anahitaji kuambiwa ile moja ambayo haiko sawa, tena isizikwe katikati ya zilizo sawa.

Ramani za mpangaji kazi zikafungiwa nyuma ya kigezo kipya, `sched_debug`. Anayezitaka aziombe.

Mwisho ukabaki mstari wa tangazo lenyewe, ule wa "prosesa fulani inaamka". Huu hawakuweza kuufuta, kwa sababu mashine ikikwama wakati wa kuamsha prosesa, namba ya mwisho iliyoandikwa ndiyo fununu pekee. Wakaukunja:

```
Booting Node   0, Processors  #1 #2 #3 #4 #5 #6 #7 Ok.
Booting Node   1, Processors  #8 #9 #10 #11 #12 #13 #14 #15 Ok.
...
Brought up 64 CPUs
```

Sasa mtoto anasema "nipo", na watoto wa dawati moja wanaandikwa mstari mmoja. Prosesa inayochomekwa baadaye, mashine ikiwa inafanya kazi, ilibakiziwa mstari wake kamili.

Matokeo

Viraka viliingia kwenye Linux 2.6.33, iliyotoka Februari 2010. Kwa hesabu yangu, tangazo jipya kwenye mashine ya prosesa 4,096 na nodi 512 lina herufi kama 24,000 za namba na 18,000 za vichwa vya mistari. Kwenye waya uleule wa 56K ni sekunde saba au nane. Bado kuna jumbe za diski, mtandao na mengineyo, lakini hotuba za prosesa zimetoka kwenye orodha ya malalamiko.

Waliofaidika hawakuwa wenye mashine kubwa tu. Mtu mwenye seva ya prosesa 16 naye alianza kusoma kumbukumbu ya kuwaka bila kuruka kurasa tano za maneno yaleyale.

Uchambuzi: kilichofaa

Kilichofaa kwanza ni ile nambari. Watunzaji wa kerneli hupokea malalamiko ya "jumbe ni nyingi" kila siku, na jibu jepesi ni "tumia `quiet`". Dakika 84 haikuacha mwanya wa jibu hilo. Ilifungwa kwenye mazingira yanayotajika, prosesa kadhaa na waya wa kasi fulani, kwa hiyo yeyote aliweza kuigeuza nyuma kama nilivyofanya mimi. Hata ukiibishania kwa nusu, dakika 42 bado ni aibu.

La pili ni kutofautisha hukumu. Kuna ujumbe unaofutwa, unaosemwa mara moja, unaoshushwa ngazi, unaosemwa penye kosa tu, na unaosubiri kuombwa. Nimeona timu zikifanya usafi wa logi kwa kushusha kila kitu ngazi moja, kisha baada ya wiki mbili zinarudisha kila kitu kwa sababu kuna tukio moja halikuonekana. Usafi wa namna hiyo ni kuhamisha takataka kutoka sebuleni kwenda chumbani.

La tatu, walitenganisha wakati wa kuwaka na wakati wa kufanya kazi. Ujumbe uleule una thamani tofauti saa tofauti. "Prosesa 37 imeamka" asubuhi ya kuwaka ni kelele. Saa nane mchana katikati ya kazi ni habari.

Uchambuzi: kilichokwama

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kitamu, na waliokisimulia kama ushindi mtupu hukosea.

Angalia tena lile neno "Ok." mwishoni mwa mstari. Msomaji yeyote angelielewa hivi: prosesa za nodi hii zimeamka salama. Sivyo msimbo ulivyofanya. Funksheni ya tangazo iliitwa kabla ya prosesa kuamshwa, ili mashine ikikwama ujue ilikuwa inajaribu ipi. "Ok." ya nodi 0 iliandikwa pale tangazo la nodi 1 lilipoanza, bila kuuliza kama namba 1 mpaka 7 ziliitika. Na "Ok." ya mwisho kabisa iliandikwa pamoja na namba ya prosesa ya mwisho, kabla hiyo yenyewe haijaguswa. Ni kiranja aliyeandika "wote wapo" wakati mtoto wa mwisho bado yuko njiani na mkoba.

Prosesa ikigoma kuamka, kosa lake lilichapishwa kivyake, kwa hiyo habari haikupotea. Lakini ungeweza kuona mstari wa kosa na "Ok." kwenye skrini moja, na mtu mchovu saa tisa usiku ataamini neno analolitaka.

Kulikuwa na kasoro ya pili ndani ya ileile. Msimbo ulitambua "prosesa ya mwisho" kwa kulinganisha na idadi ya juu ambayo kerneli imetenga nafasi. Kuna mashine ambazo programu ya ubao mama inatangaza nafasi zaidi ya prosesa zilizopo, kwa ajili ya zitakazochomekwa baadaye. Kwenye hizo, namba ya mwisho haifiki kamwe, na "Ok." ya mwisho haitokei. Ujumbe wa kusema ukaguzi wa saa umerukwa uliwekewa sharti hilohilo, nao ungemezwa vilevile. Mashine ni nzima, lakini mstari wake haufungwi.

Kasoro ya tatu ni ya kukunja mstari wenyewe. Mstari unaojengwa kipande kwa kipande hudhani hakuna mwingine atakayeongea katikati. Ujumbe wowote ukijitokeza kati ya `#5` na `#6`, mstari unakatika na namba zilizobaki zinaangukia mahali pasipo na kichwa. Mistari kumi na miwili ya zamani ilikuwa na kelele, ila kila mmoja ulisimama kwa miguu yake na `grep`, amri ya kutafuta maneno, iliupata. Ukifupisha, unalipa hapo.

Miaka iliyofuata

Mwaka 2013 mtunzaji mmoja wa x86 alilirudia tangazo. Akaondoa aliyoyaita yasiyo na kazi, "Ok." ikiwemo, akazipanga namba zikae kwenye safu:

```
x86: Booting SMP configuration:
.... node  #0, CPUs:        #1  #2  #3  #4  #5  #6  #7
.... node  #1, CPUs:    #8  #9 #10 #11 #12 #13 #14 #15
```

Ili safu zinyooke, kerneli inabidi ijue namba ina tarakimu ngapi. Kifunksheni cha kuhesabu tarakimu bila kugawanya kiliandikwa na mwenzake kwenye simu ya mkononi, jioni ya Jumamosi, na maelezo ya kiraka yanamshukuru kwa mateso hayo. Mwishoni mwa mwaka huohuo kikomo cha prosesa kikapandishwa hadi 8,192.

Bafa nayo ilishughulikiwa mwaka 2014: sasa kerneli inaikuza yenyewe, kwa kawaida KB 4 kwa kila prosesa inayoongezeka, na mpango huo unaanza prosesa zinapokuwa nyingi vya kutosha. Kwenye seva ya prosesa 256, mchango huo ni baiti 1,044,480. Ukijumlisha na bafa ya msingi ya KB 256 inayotumiwa na kerneli nyingi, kerneli inapandisha hadi MB 2 kamili. Mistari ya `log_buf_len` mwanzoni mwa `dmesg`, amri ya kusoma jumbe za kerneli, inakuonyesha hesabu hiyo bila kuombwa.

Halafu ugonjwa ukahamia kiungo kingine. Kila prosesa huonekana kwa `udev`, programu inayosimamia vifaa, kama kifaa, na `udev` hujaribu kupakia draiva (programu ya kukiendesha) ya kila kifaa. Draiva ikikataa kukaa, labda kwa sababu nyingine imeshashika kazi, inajaribiwa tena kwa prosesa inayofuata, na inayofuata. Wenye prosesa za AMD zisizo na kumbukumbu ya ECC (inayosahihisha makosa yake) waliwahi kuona lalamiko lilelile la EDAC, draiva ya kuripoti makosa ya kumbukumbu, likijirudia sawa na idadi ya prosesa zao. Mwaka 2023, kwenye mashine za prosesa mia kadhaa, tabia hii ilifika mbali zaidi ya kelele. Kila jaribio lilishika kumbukumbu ya kusomea moduli (faili la draiva) nzima, na majaribio mengi ya pamoja yakaimaliza nafasi iliyotengwa, mashine ikashindwa kuwaka vizuri. Ilibidi kerneli ifundishwe kutambua kwamba moduli hii tayari inashughulikiwa na mwingine.

Kwenye seva yako, anza na amri hii. Inafuta mihuri ya muda, inageuza kila namba kuwa herufi N, kisha inahesabu mistari inayofanana:

```
dmesg -t | sed 's/[0-9][0-9]*/N/g' | sort | uniq -c | sort -rn | head
```

Linganisha nambari za kushoto na jibu la `nproc`. Mstari ambao nambari yake inalingana na idadi ya prosesa zako, au ni mara mbili yake, ndio wa kuhojiwa kwanza.